Endelea, Endelea, Maliza

Siku daktari alipomtaka Shangazi aweke ufunguo mezani, Injinia alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwake, akikagua kucha zake kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza humo.

Ufunguo wenyewe, wa kabati la mafaili, ulikuwa mdogo, umetungwa kwenye uzi mweusi ambao Shangazi aliuvaa shingoni kwa miaka ishirini na sita. Alipouvua ulinasa kwenye kilemba. Akaunasua bila haraka, akauweka mbele ya daktari, akakunja mikono. Kliniki nzima ilikuwepo: wauguzi watatu, mfamasia, mlinzi na mama wa usafi.

"Ni kwa muda tu, mama," daktari alisema. "Mpaka tujue nani ametoa siri za wagonjwa."

"Haya. Mkishajua, na mimi mniambie," Shangazi alijibu. Akanyanyuka, akaenda zake kukaa kwenye benchi la nje kama mgonjwa.

Injinia alikuwa ameshajua. Alijua tangu kikao kilipoanza, naye alinyamaza. Tuliseme mapema, ili msomaji asipoteze muda wake kumtafuta mkosaji: aliyeharibu ni yeye, na aliyevuliwa ufunguo ni shangazi yake.

Jina la Injinia alibandikwa na wauguzi siku alipoifufua printa kwa kuichomoa ukutani na kuichomeka tena. Uinjinia wake uliishia hapo. Alikuwa karani, mwenye cheti cha kompyuta cha miezi sita na ulimi wa digrii mbili. Kazi aliipata kwa sababu Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikwenda kwa daktari akamwambia, "Huyu ni damu yangu. Akiharibu, nishike mimi." Maneno hayo daktari alikuwa ameshayasahau. Injinia hakuyasahau, na sasa yalikuwa yanamrudia hata akipiga mswaki.

Shangazi alikuwa mtunza mafaili, na alikuwa na utaratibu wake ambao watu waliucheka. Alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na majina ya wagonjwa, na mbele ya kila jina, namba. La pili lilikuwa na namba, na mbele ya kila namba, ugonjwa. La majina lilikaa kwenye kabati lake la chuma. La magonjwa lilikaa chumbani kwa daktari. Madaftari hayo hayakuwahi kulala chumba kimoja. Mwizi angeiba la kwanza, angeondoka na orodha ya majirani; angeiba la pili, angeondoka na magonjwa yasiyo na wenyewe. Namba za simu Shangazi hakuandika popote. Mgonjwa akikosa kuja kuchukua dawa, alimfuata mwenyewe kwa miguu na kumwambia mbele za watu, "Viatu vyako vimeshashonwa, njoo uvichukue." Nusu ya mtaa ule iliaminika kuwa na viatu vibovu.

Na kabla mgonjwa hajaweka sahihi kwenye karatasi yoyote, Shangazi alimsomea. Yote, kutoka juu mpaka chini, hata pale palipoandikwa jina la kiwanda cha uchapaji. Foleni ilinung'unika. "Mama, tutazeekea hapa!" Naye alijibu bila kuinua macho, "Zeekeni, lakini mjue mmetia sahihi nini."

Kompyuta ilipoletwa, daktari alimpa Injinia kazi ya kuingiza kumbukumbu zote humo. Injinia akaona utaratibu wa madaftari mawili ni mambo ya kale. Akatengeneza jedwali moja: jina, namba, ugonjwa, simu, vyote mstari mmoja, mtu na siri yake kitanda kimoja. Jedwali lilikataa kuhifadhi mstari wenye nafasi tupu, kwa hiyo mahali pa simu akajaza alichopata. Wagonjwa wengine aliwauliza. Wengine aliwapata kupitia jamaa zao. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyefanya kazi kwenye duka la sare ng'ambo ya barabara na kutibiwa kifafa. Siku hizo hakuwa amefika kliniki. Basi Injinia akachungulia dirishani, akasoma namba iliyoandikwa kwenye kibao cha duka, akaiandika. Ilikuwa saa tano asubuhi, naye alijiona mwerevu.

Zilibaki kadi za zamani. Alizipiga picha kwa skana, kadi mia nne na kumi na mbili, kila moja faili lake, akataka kuziunganisha ziwe kitabu kimoja. Programu ya kazi hiyo inauzwa. Daktari akasema subiri, maombi yamekwenda makao makuu. Kusubiri haikuwa fani ya Injinia. Akafungua mtandao, akaandika: unganisha picha bure.

Ukurasa aliouchagua ulikuwa na vitufe vinne vya "Pakua", vitatu vikubwa vya kijani vinavyowaka na kuzima, na kimoja kidogo cha kijivu chini kabisa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na laiti angewakumbuka asingepata shida kujua ni kipi kilichokuwa kinajitembeza pale. Alibofya kikubwa kuliko vyote. Programu ya kinga ikapiga kelele, dirisha jekundu, hatari. Ukurasa ukamwambia kwa upole kwamba kinga hukosea mara nyingi, aizime kwa dakika tano tu. Akaizima. Yakaja masharti, maandishi madogo kama sisimizi, na chini yake kisanduku: Nimesoma na ninakubali. Akatia tiki. Usakinishaji wa haraka, unapendekezwa. Hewala. Vikaja visanduku vingine vitatu ambavyo vilikuwa vimeshatiwa tiki na wenyewe waliovitengeneza. Hakuvitazama, maana mkono mmoja ulishika kikombe cha chai. Endelea. Endelea. Endelea. Maliza.

Programu iliunganisha picha vizuri sana, tusiionee. Ila ilikuja na wenzake. Juu ya kivinjari ukatokea mstari wa kutafutia asioujua. Pembeni kikakaa kijipicha cha ufagio kilichodai kompyuta ina kasoro mia tisa. Na nyuma ya hao alikuwepo wa tatu asiyeonekana, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kila herufi iliyoandikwa na kila faili lililofunguliwa, kisha kuvipeleka kwa watu wasiojulikana. Mashine ikawa nzito. Injinia akasema ni uzee. Kinga alisahau kuiwasha tena.

Baada ya wiki tatu simu zikaanza. Wauzaji wa dawa za miujiza waliwapigia wagonjwa, wakawataja kwa majina na magonjwa, wakawaahidi kupona kwa siku saba. Sita walikuja kulalamika. Wa saba hakupigiwa yeye. Ilipigwa simu ya duka la sare, na mwenye duka, aliyekuwa ameshika mkasi, akaipokea kwa kipaza sauti. Sauti tamu ikamweleza kwamba wanayo dawa ya kifafa cha mama fulani, ikamtaja. Mafundi wote walisikia. Jioni ile ile mama yule akaondolewa kwenye cherehani, kwa hoja kwamba ni mashine ya umeme na akianguka nani atabeba lawama. Miaka tisa alikuwa hajaanguka hata mara moja.

Ndiyo habari daktari aliyoieleza kwenye kikao. "Huyu mama hakutuachia namba yoyote," alisema. "Sasa walijuaje anapofanya kazi?" Daktari mwenyewe hakuwahi kulifungua jedwali, aliliamini kama alivyomwamini aliyelitengeneza. Watu wakamtazama Shangazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemjua kila mgonjwa na kila anaposhinda. Mfamasia akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka mlangoni, "Kikulacho ki nguoni mwako." Injinia akakiona kibao cha duka machoni mwake, tarakimu moja baada ya nyingine. Duniani kote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo namba ile na kifafa kile viliandikwa mstari mmoja, na mahali hapo palikuwa juu ya meza yake.

Kikao kilipokwisha alirudi kwenye kompyuta, akafungua orodha ya programu, akakuta majina matatu asiyoyajua. Akayafuta. Alipoizima mashine na kuiwasha tena, mawili yalikuwa yamerudi. Akachomoa waya wa mtandao, akabaki ameushika mkononi. Kilichokwenda kilikuwa kimekwenda.

Jumanne, kazi zilipokwisha, alipita nyumbani kwa Shangazi. Jirani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kusimulia maradhi yake yote mpaka ya kuku wake, alikuwa anaanika nguo. Alipomwona Shangazi ametokeza mlangoni, akabeba beseni akaingia ndani na nguo mbichi.

"Umeona?" Shangazi alisema. "Wananikwepa kama mwenye upele. Na mimi nilivyokuwa nalalamika nyumba hii ina kelele."

"Watasahau, shangazi."

"Kwa umri wangu huu, baba, sina muda wa kusubiri watu wasahau." Alimwita baba tangu utotoni, kwa kuwa Injinia alirithi jina la babu yake, baba wa Shangazi. Akamsogezea kiti. "Wewe unashinda pale. Unadhani ni nani?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mwenyewe. Injinia aliufikia, akaona giza, akarudi.

"Sijui," alisema.

"Haya." Shangazi alipangusa meza isiyokuwa na vumbi. "Mimi hata kama wataniondoa, nitakula tu. Lakini yule fundi, nikimkumbuka, chakula hakipiti. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu: hapa siri yako imefika. Na wewe ulikuwepo, uliniona namsomea ile karatasi mpaka mwisho."

Injinia akaaga mapema, akasingizia kichwa. Njiani aliona aibu, aibu ya kweli. Kuharibu kwa kutojua ni jambo moja. Lakini lile "sijui" alilisema akijua.

Jumatano alibisha mlango wa daktari, akaeleza kila kitu akiwa amesimama. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapa." Daktari alikaa, akapunguza sauti. "Nisikilize. Ile kompyuta niliiomba mimi. Idhini ya kuingiza kumbukumbu ina sahihi yangu. Makao makuu wakisikia, wanafunga kliniki, na wagonjwa watakwenda wapi? Mama amebakiza miezi saba astaafu. Atatangulia kidogo. Tutamuaga kwa heshima, kesho nimemwita kuweka sahihi."

"Lakini watu wanasema ametoa siri."

"Watu husema. Maji yakimwagika hayazoleki, bwana."

Na hapa lazima aibu yote ya Injinia ielezwe, maana mwenyewe hakuisahau: alipotoka mle ndani alijisikia mwepesi. Kwa hatua kama kumi hivi, mpaka kwenye kona ya dirisha la dawa, alikuwa mtu aliyepona. Amesema, amekatazwa, yamekwisha. Kisha akapita mbele ya kabati la chuma, akaona kwenye rangi yake alama ya mviringo, pale ambapo ule uzi ulikuwa ukisugua kila Shangazi alipoinama kufungua. Wepesi wote ukamtoka.

Mchana ule, wengine walipokwenda kula, alitafuta ndani ya kompyuta masharti ya programu ile. Yalikuwa kurasa arobaini na moja, kwa lugha ya kigeni. Akayasoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua mpaka usiku. Alitarajia kukuta ulaghai uliofichwa. Hakuna kilichofichwa. Ukurasa wa ishirini na tisa ulisema wazi, kwa adabu, kwamba anayesakinisha anakubali programu na washirika wake wakusanye yanayoandikwa na yanayohifadhiwa kwenye kompyuta hiyo na kuwapa wengine wanaofanya nao biashara. Hawakuvunja mlango. Walibisha, wakauliza, yeye akawaambia karibuni. Akaupeleka ukurasa ule kwenye printa.

Alhamisi ndiyo siku ya wagonjwa wa kudumu, na mabenchi yalijaa tangu asubuhi. Shangazi alikuwa amekaa mwishoni, nguo zake za kutokea, mkoba magotini, akisubiri kuitwa kwenda kuweka sahihi. Karibu naye palikuwa na nafasi ya watu watatu. Hakuna aliyeikalia, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Yule fundi cherehani naye alikuwepo, benchi la mbele. Alikuwa amekuja kudai kadi yake aondoke nayo.

Injinia alitoka na karatasi yake, akasimama katikati.

"Naombeni mnisikilize," alisema. "Siri zenu nimezitoa mimi."

Mfamasia akachungulia kwenye kidirisha chake. Injinia akasema yote: jedwali, programu ya bure, kinga aliyoizima, kisanduku alichokitia tiki. Kisha akawasomea ukurasa wa ishirini na tisa, anatafsiri huku anasoma, mpaka nukta ya mwisho. "Mama wa mafaili hakutoa neno," alimalizia. "Daftari lake halijawahi kuonwa na mtu. Kama mngebaki kwenye madaftari yake, haya yasingewapata."

Mzee mmoja akamtukana, tusi la haki kabisa. Mwingine akauliza kama zile siri zinaweza kurudishwa. Injinia akasema haziwezi.

Fundi cherehani alisimama, akamsogelea. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye pini mbili zimesahaulika kwenye ukosi wa gauni.

"Ile namba ya dukani ulipewa na nani?"

"Niliisoma kwenye kibao. Kutoka dirisha lile."

Mama akageuka, akalitazama dirisha, akatazama ng'ambo ya barabara. "Cherehani yangu ilikuwa mlangoni," alisema polepole. "Miaka yote nakaa pale kwa ajili ya mwanga. Ukikiona kibao, na mimi umeniona."

Injinia naye akalitazama dirisha.

"Ungeniita tu. Ningevuka, ukaniuliza, nikakuambia hapana."

Akarudi kukaa. Hakulia, na Injinia alitamani kama angelia, au kama angempiga.

Hapo daktari alikuwa ameshatoka chumbani, amesimama mlangoni, uso umemshuka. Alikuwa na ufunguo mkononi. Hakusema yale ya jana wala hakuyakana. Alinyoosha mikono yote miwili kumkabidhi Injinia ule uzi mweusi, akasema kwa sauti ya chini, "Mpe mwenyewe. Mwambie nitakuja kumwomba radhi, na makao makuu nitaandika leo." Kisha akabaki pale pale, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Injinia akatembea mpaka mwisho wa mabenchi, akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, nisamehe. Jumanne uliniuliza, nikasema sijui."

"Nilikusikia." Shangazi alishusha mkoba kando. "Hiyo mashine, kabla ya kuingia hayo madudu, ilikuuliza?"

"Iliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nimesoma, na ninakubali."

"Na ulikuwa umesoma?"

"Hapana, shangazi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu. Mtu angedhani ataishia hapo, au atamkumbatia. Watu wa benchini walikuwa wanamtazama sasa kwa macho mengine, macho ya kuomba, na yule mwanamke aliyekuwa karibu zaidi akaanza kujisogeza kuziba ile nafasi. Jina lake lilikuwa limerudi. Injinia akanyoosha mkono, ufunguo ukaning'inia kwenye uzi wake.

"Chukua, shangazi. Ni wako."

Shangazi aliutazama, lakini hakuushika.

"Wa kufungia nini, baba?" aliuliza.

Kisha akainuka, akashika mkoba wake, akapita katikati ya watu waliompisha, akaenda kukaa benchi la mbele kando ya fundi cherehani. Akamchomolea zile pini mbili kwenye ukosi, akamwekea kiganjani. Injinia alibaki amepiga magoti, ufunguo mkononi.